Umekuja na Nani?

Nyumba yangu ipo Mikocheni, upande wa viwanda, na ukuta wangu wa nyuma ndio huo huo ukuta wa ghala la magodoro. Kwa hiyo mgongo ulipoanza kuniuma, mshitakiwa wa kwanza alikuwa godoro. Nikanunua jipya, gumu, la kuwafaa wazee, alivyosema muuzaji, na sikumpenda kwa neno hilo. Mgongo ukaendelea. Nikalaumu kiti cha sebuleni, nikalaumu viatu, nikalaumu miaka yangu yote ya kusimama ubaoni nikiwafundisha hesabu watoto wanaotazama dirishani. Kila niliyemgusia alikuwa na jibu lake: umri, baridi yabisi, kuinama vibaya wakati wa kufagia. Binti wa duka la dawa alinipa vidonge vya maumivu, nikawa navila kama karanga.

Uchovu nao ulikuja taratibu. Nikitandika kitanda nilikuwa nakaa katikati ya kazi, shuka mkononi, kupumua. Nikauita uzee na kuuchukia, kwa sababu sikuwa mzee kiasi hicho.

Asubuhi moja niliinama uani kuinua ndoo ya maji, tena haikujaa, nikasikia kitu kimekatika mgongoni. Nilikaa chini palepale kwenye sementi. Nilipiga kelele mara moja, mashine za ghalani zikaimeza, nikaona aibu ya kupiga kelele peke yangu, nikanyamaza. Jua lilipanda mpaka kivuli cha ukuta kikaniacha, ndipo nikaanza kujivuta kwa makalio hadi mlangoni. Mume wangu alishafariki. Mwanangu wa pekee yupo Doha, anafanya kazi uwanja wa ndege. Niliona siku ile kwamba ningeweza kubaki pale hadi kesho yake bila mtu yeyote kujiuliza nimekwenda wapi. Nilihuzunika, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyoniinua.

Hospitali kubwa nilikwenda peke yangu kwa bajaji, nimejifunga kanga kiunoni kwa nguvu. Dirishani waliniuliza jina, na swali la pili likawa: umekuja na nani? Niliulizwa hivyo kwenye kadi, nikaulizwa kwenye chumba cha picha, nikaulizwa maabara. Kwetu mgonjwa anaweza kukosa miguu, lakini akikosa ndugu watu wanachanganyikiwa. Lazima awepo wa kushika faili, wa kukimbilia dawa, wa kuitwa pembeni. Niliwajibu kwamba nimekuja na mimi. Wengine walicheka. Mmoja alinitazama kwa huruma hadi nikatamani kumpa kazi ya nyumbani.

Daktari alikuwa mdogo kuliko mwanangu, mpole, anayeamkia vizuri. Alinionyesha kwenye picha pingili moja ya uti wa mgongo iliyobonyea, na katika mifupa mingine matundu madogo ya mviringo, mfano wa punje za mahindi zilizoingiwa na dumuzi. Damu yangu ilikuwa pungufu. Figo zilikuwa zimechoka, na aliposikia habari za vile vidonge vya maumivu alifumba macho kidogo, akaniambia nisiviguse tena. Akataka mkojo, akataka damu nyingine ya kupima protini, na akataka uboho.

Uboho nilikuwa naujua kwa kuunyonya kwenye mfupa wa supu. Sikujua kwamba na mimi naweza kunyonywa. Unalala kwa ubavu, wanakutia ganzi juu ya mfupa wa nyonga, kwa nyuma, kisha sindano nene inaingia. Ngozi inakufa ganzi, lakini ndani ya mfupa ganzi haifiki. Ilipovuta nilihisi mguu mzima unakwenda nayo. Nyuma ya pazia la pili kulikuwa na mwanamke anafanyiwa kama mimi, dada zake wawili wamemshika mabega na kumwambia pole, pole, bado kidogo. Mimi nilishika chuma cha kitanda.

Siku ya majibu niliwahi kufika, nimevaa gauni langu la kanisani.

"Shikamoo mama," daktari akasema.

"Marahaba. Nipe majibu."

"Majibu yametoka. Leo umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akaweka mkono juu ya faili. "Basi tupange siku uje na ndugu, mama. Tuongee vizuri."

Nilimwambia nimefundisha hesabu tangu kabla hajazaliwa, na miaka yote hiyo majibu ya mtihani nilimpa aliyefanya mtihani. Akatabasamu, akasema ndivyo tunavyofanya, mama. Hakuwa na ubaya. Nilijua anachoogopa, maana hata mimi niliwahi kuitwa pembeni mama yangu alipolazwa, na niliporudi kitandani kwake nilimwambia ni vidonda vya tumbo. Lakini kuelewa utaratibu hakukunisaidia. Nilitoka na faili langu limebaki mezani kwake, na nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nikaanza kutafuta ndugu. Ndugu zangu wa damu wako Bukoba, wazee, hata kupanda basi la asubuhi hawawezi. Mwanangu sikutaka ajue. Angeacha kazi aliyoitafuta kwa jasho, apande ndege aje kunishikia faili. Walikuwepo wenzangu wa jumuiya, wanawake wema kabisa, lakini kumwambia mmoja ni kuwaambia wote, na ningewekwa kwenye maombi ya Jumamosi kabla mwenyewe sijajua ninaumwa nini. Nilihitaji mtu asiyejuana na mtu yeyote wa kanisani.

Ndipo nikavuka barabara kwenda kwa mama wa duka la rangi. Ni mjane kama mimi, Mhindi wa Kishia aliyezaliwa hapa hapa Dar, mtandio mweusi, vidole daima vina madoa ya rangi anazochanganya. Tulikuwa tumefahamiana miaka mingi kwa urefu wa kaunta. Mwanangu alipokuwa mdogo alikuwa akinunua kwake karatasi za msasa, na hadi leo akinikosa kwenye simu humpigia yeye anichungulie.

"Mwalimu, karibu. Leo mbona unatembea kama umebeba tofali?"

"Nataka ndugu," nikamwambia. "Wa kesho asubuhi tu."

Nikamweleza. Hakuuliza mengi. "Mie kesho nafunga duka," akasema. "Tuseme mie nani yako?"

"Wifi."

Akafikiri. "Wifi sawa."

Tulikwenda kwa gari lake dogo la kubebea mizigo, makopo yanagongana nyuma. Daktari alimtazama yeye, akanitazama mimi, mweusi wa Kagera mwenye pua yangu ya Kagera.

"Na huyu ni...?"

"Wifi yake," akajibu mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutaja bei.

Daktari akashusha pumzi. Alikuwa amepata ndugu. Akanigeukia. "Mama, naomba utupishe kidogo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilikuwa nimeazima mtu ili niambiwe, na sasa anaambiwa yeye. Lakini muuguzi alikuwa ameshafungua mlango, nikajikuta benchi la nje, mkoba magotini, natazama kitasa. Huko ndani watu wawili walikuwa wanauzungumza mwili wangu, na mmoja wao nilimjua kwa brashi na tina. Nimewahi kuwa mpweke sehemu nyingi. Pale ndipo palikuwa pabaya kuliko pote.

Alipotoka aliketi karibu nami.

"Ishu ni damu," akasema. "Imepungua. Na mifupa imeishiwa nguvu. Watakupa sindano na vidonge. Unywe maji mengi, figo zisafishike."

Mwalimu wa hesabu anajua hesabu isiyokamilika akiiona. Nilifungua mdomo niulize, kisha nikaona amenishika mkono. Sikumbuki alipoushika. Tangu mazishi ya mume wangu hakuna aliyekuwa amenishika mkono zaidi ya salamu, na sikutaka auachie, kwa hiyo sikuuliza.

Mtu atasema, mwalimu mzima, na simu ya kisasa aliyoituma mwanao, mbona hukutafuta? Ni kweli, ningeweza. Jina la dawa lilikuwepo, ningeliandika tu. Lakini habari ya namna hii nilitaka kuambiwa na mtu anayenitazama usoni. Kuisoma peke yangu mezani, huku ghala linanguruma, nilikataa.

Matibabu yakaanza. Kila wiki nilikwenda kliniki ya damu, nikachomwa sindano chini ya ngozi ya tumbo, upande huu leo na upande ule wiki ijayo. Kulikuwa na kapsuli za jioni na kidonge cha kuzuia damu isigande. Kwanza nilipelekwa kwa daktari wa meno, anikague, ndipo nikatundikiwa dripu ya kuimarisha mifupa. Na kulikuwa na deksa, vidonge vidogo ambavyo mara moja kwa wiki unakunywa vingi kwa pamoja asubuhi, umeshakula.

Deksa ilinifanya mtu mwingine. Siku yake nilikuwa nakula ndizi sufuria nzima na bado nachungulia kabati. Nilisugua jiko, nikapanga upya vyombo, nikamgombeza kuku wa jirani kwa sentensi kamili. Siku moja ya deksa niliona sebule yangu chafu, nikaamua kuipaka rangi mwenyewe. Nikavuka barabara.

"Nipe galoni ya krimu na rola."

Mama wa rangi akanitazama. "Nani anapaka?"

"Mimi."

"Siuzi."

"Mwenye duka gani anakataa mteja?"

"Mie. Ukipanda stuli ukaanguka, mifupa yako hiyo..." Akakatisha, akaanza kupanga brashi zilizokuwa zimeshapangwa. "Siuzi, Mwalimu. Nenda kapumzike."

Nilirudi nyumbani nimevimba. Nilijua sasa kwamba anajua kitu kuhusu mifupa yangu ambacho mimi mwenyewe sikijui, na kwamba amekibeba muda wote huo akinitegea jicho kutoka ng'ambo ya barabara. Nilimchukia kidogo. Kisha jioni alileta bakuli la biriani isiyo na pilipili kwa ajili ya tumbo langu, na chuki ikakosa mahali pa kukaa.

Mwanangu yeye alikuwa akipiga simu kila Jumapili mchana, baada ya misa. Nilimwambia mgongo ni umri tu. Alikubali upesi. Tuliongea habari za kanisa, za foleni ya Mwenge, za joto la huko na joto la huku, na siku hizo alikuwa ameanza mazoea mapya ya kuniuliza maji. "Mama, lakini unakunywa maji?" Kila Jumapili maji. Nikadhani jua la Doha limemwingia kichwani.

"Kwani mimi ng'ombe?" nikamwuliza.

Alicheka, lakini wiki iliyofuata aliuliza tena. Nikikata simu nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla hajapiga.

Asubuhi kliniki, kabla ya daktari kuanza kuita, muuguzi husimama mbele ya mabenchi na kutoa elimu ya afya. Huwa nafika imeisha, kwa sababu ya foleni. Siku hiyo niliwahi. Muuguzi alikuwa mchangamfu, mwenye sauti ya kufaa uwanjani. Alizungumzia homa, kunawa mikono, kutoruka tarehe. Kisha akasema, "Sasa nataka wagonjwa wangu wa mailoma. Hii ni saratani yenu ya uboho, na nyie ndio nawagombezaga kwa maji. Wako wapi wa mailoma? Nyoosheni mikono."

Mikono ikanyooka hapa na pale. Mzee aliyekaa pembeni yangu alinyoosha wake. Muuguzi akazungusha macho, yakanifikia.

"Na wewe mama. Wewe si wa sindano ya tumbo? Nyoosha, usione aibu."

Nilifundisha maisha yangu yote nikiwaambia watoto wanyooshe mikono wanapojua jibu. Mkono wangu ulipanda wenyewe. Nikaubakiza juu, mbele ya watu wote, mpaka aliponiambia niushushe.

Nilipoingia kwa daktari nilikaa kabla hajanikaribisha. Nikamwambia, "Nina saratani ya uboho. Nieleze, na usinitafutie wifi."

Akavuta kiti chake upande wangu wa meza na kunieleza, vizuri kabisa, kama alivyoweza kufanya tangu siku ya kwanza. Ndani ya uboho kuna seli za kutengeneza kinga. Kundi moja limeasi, linazaliana bila kazi, linasonga mahali pa kutengenezea damu, linasababisha mifupa iliwe, na linamwaga protini ambayo figo haziwezi kuichuja, ndiyo maana ya maji. Haiponi moja kwa moja. Inatulizwa, inaweza kulala muda mrefu, na ikiamka dawa zinabadilishwa. Wapo wanaoishi nayo miaka mingi. Yangu imeanza kushuka, akanionyesha, na kwa namba zile nilimwamini. Nikamwuliza kama ganzi niliyoanza kuisikia vidoleni mwa miguu ni ya dawa. Akasema ndiyo, akapunguza sindano. Kumbe kuna mambo daktari hawezi kuyajua mpaka mgonjwa mwenyewe ayaseme.

Niliogopa. Niseme wazi, niliogopa hadi nikapita kituo changu cha kushuka. Lakini ndani ya hofu hiyo kulikuwa na kaunafuu kadogo, maana sasa hofu ilikuwa na jina na mimi ndiye niliyeibeba.

Sikupita nyumbani. Mama wa rangi alikuwa anasimamia mashine ya kuchanganyia, kopo linatikisika.

"Leo wameitwa wa mailoma, nimenyoosha mkono," nikamwambia.

Akaelewa. "Nani kakuambia?"

"Darasa zima. Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Sie kwetu mgonjwa haambiwagi, Mwalimu. Anapewa chakula, anapewa dawa, habari wanabeba wengine. Marehemu mume wangu sikumwambia mpaka mwisho."

"Na hakujua?"

"Alijua." Akazima mashine. "Daktari aliniambia baada ya mazishi. Alikuwa anajua siku zote, ananificha mie kwamba anajua. Mie nalia jikoni, yeye analia huko chumbani. Nyumba moja."

Akachukua kitambaa, akafuta kaunta isiyokuwa na vumbi.

"Mwanao umemwambia?"

"Bado."

"Mwambie," akasema, bila kunitazama.

Jumapili nilitoka misani mapema. Niliweka simu mezani, nikaweka na jagi la maji, glasi imefunikwa juu yake, nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno, ya kuanzia mbali, kwenye mgongo na godoro. Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nina saratani," nikamwambia. Maneno yote niliyoyapanga yalikimbia. "Ya uboho. Inaitwa mailoma. Nachomwa sindano kila wiki. Imeanza kushuka, daktari amenionyesha. Usiache kazi."

Nyuma yake nilisikia tangazo la ndege, kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza. Likaisha.

"Najua, mama."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku mliyokwenda na mama wa rangi. Alinipigia hapo hapo hospitalini, ulipokwenda kuchukua dawa."

"Na hukusema."

"Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe," akasema. "Kila Jumapili nasubiri. Nikifungua mdomo naona kama nakupokonya."

Nilitaka kukasirika. Nilistahili kukasirika, walikuwa wamenizunguka wote, lakini hasira haikuja. Nilikuwa nazikumbuka zile Jumapili, mimi huku nimekaa na jambo langu, yeye kule amekaa na jambo lilelile, tunaelezana habari za joto na foleni. Kila mmoja alikuwa akikata simu na kubaki peke yake nalo. Nililia, na kwa mara ya kwanza sikuweka mkono kwenye simu ili asisikie. Yeye naye alikuwa analia, mtu mzima, katikati ya uwanja wa ndege.

Tulipotulia akapenga kamasi.

"Mama, leo umekunywa maji?"

Nilitazama jagi. Lilikuwa limejaa hadi shingoni, glasi ni kavu.

"Sijanywa," nikasema.

"Basi kunywa."

Nikamimina. Nikaishika simu karibu na mdomo, nikanywa glasi nzima, polepole, asikie kila funda.